Vipira vya eafoni, na masikio yanayofanya kazi kutwa

Kazi yangu ni kusikiliza watu wakiongea na kuandika walichosema. Watafiti, mashirika na wanahabari huniletea faili za sauti: wavuvi wakilalamikia bei ya barafu, kina mama wa kikundi cha hisa wakibishana juu ya mkopo usiolipwa, wazee wakitaja miti iliyokuwa mpaka wa shamba. Mimi naandika neno kwa neno, pamoja na vicheko na zile "aah" za katikati. Saa moja ya mazungumzo safi hunichukua kama saa nne kuiandika. Ikiwa yamerekodiwa chini ya mwembe jirani na mashine ya kusaga, jioni yote imekwenda.

Ninakaa na eafoni masikioni muda mrefu kuliko ninavyokaa na viatu miguuni, kwa hiyo nina maoni makali juu yake, na nyumbani wameshachoka kuyasikia.

Lugha yetu ina mtego ambao asiyefanya kazi hii hana haja ya kuujali. "Atasaini" na "hatasaini" vinatofautiana kwa pumzi moja tu mwanzoni. Ile h haina nguvu, na mtu akiongea kwa haraka huimeza nusu. Mwanakijiji akisema mwenyekiti hatasaini, mimi nikaandika atasaini, ripoti ya watu imegeuka juu chini. Halafu kuna s na sh, th na f, sauti nyembamba zinazokaa juu, kuanzia hezi 2,000 na kitu (yaani mitikisiko 2,000 na kitu kwa sekunde) kwenda mbele, wakati mngurumo wa koo na vokali vina makazi chini. Eafoni yenye besi nyingi huzifunika sauti hizo za juu. Unasikia kwamba mtu anaongea, unasikia hata hasira yake, lakini konsonanti unazibahatisha.

Hedifoni kubwa za kufunika sikio zima nilikuwa nazo na nilizipenda. Sauti yake ina nafasi, huchoki haraka. Ila Dar es Salaam ya Januari ukiwasha feni, feni inaingia kwenye kazi. Ukiizima, jasho linachuruzika ndani ya zile sponji mpaka shingoni. Nikahamia kwenye eafoni za kuchomeka ndani ya sikio, na huko ndiko nilikokutana na jambo lenyewe ninalotaka kulieleza: sauti unayoisikia kutoka kwenye eafoni ya namna hiyo inategemea kile kipira cha mbele kuliko karibu kila kitu kilichoandikwa kwenye boksi lake.

Kipakiti kidogo cha vipira vya ziada, kile ambacho wengi hukiacha ndani ya boksi na boksi likaishia jalalani, kina thamani ya nusu ya bei uliyolipa. Sitanii. Kispika kilichomo ndani ya eafoni ni kidogo, mara nyingi milimita 6 hadi 10 kwa upana. Ukikishika mkononi kikiwa kinapiga muziki utasikia vijisauti vya mbu tu, hakuna besi hata chembe. Kinakupa besi kikiwa sikioni kwa sababu kinasukuma hewa kidogo sana, ile iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Pakiwa na upenyo, hata wa kupitisha uzi, sauti nzito hutorokea hapo na zile nyembamba zinabaki. Ni pampu ya baiskeli yenye washa iliyokufa: unasukuma kwa nguvu zote na tairi halijai.

Ndiyo maana mtu mmoja atakwambia eafoni fulani "zinakwaruza, hazina besi," na mwenzake mwenye zilezile akakuapia kwamba besi yake inatikisa kichwa. Wote wanasema kweli. Wa kwanza kipira hakimtoshi.

Na masikio ya mtu mmoja hayalingani. Langu la kulia linapokea kipira cha ukubwa wa kati. La kushoto ni finyu kidogo, linataka kidogo. Siku zote nilikuwa nahisi upande wa kushoto "una kasoro" kwenye kila eafoni niliyonunua, tena za bei tofauti na za nchi tofauti. Kipira kikubwa kupita kiasi hakizibi vizuri zaidi. Kinajikunja, kinaacha ufa upande mmoja, na kinauma. Tangu nivae viwili visivyolingana, kasoro ya kushoto imekwisha. Vinachekesha ukiviangalia mezani, kimoja kinene, kimoja kembamba, lakini hakuna anayeviangalia.

Namna ya kuvaa nayo ina utaalamu wake, na hakuna karatasi ya maelekezo niliyoiona ikiueleza vizuri. Mfereji wa sikio la mtu mzima una urefu wa kama sentimita 2.5 na umepinda. Ukiichomeka eafoni moja kwa moja inagonga ukuta wa kona. Pitisha mkono wa pili juu ya kichwa, lishike sikio kwa juu, livute kidogo kuelekea juu na nyuma, kisha ingiza eafoni huku ukiizungusha taratibu. Mfereji unanyooka, kipira kinakaa. Ukiachia sikio unahisi ukimya unakufunga, na kelele za mtaani zinasogea mbali. Usipousikia ukimya huo, usijisumbue kuhukumu sauti, maana eafoni haijakaa bado.

Besi naipima kwa muziki wa dansi wa zamani. Kwenye nyimbo za enzi za Mbaraka Mwinshehe gitaa la besi halipigi kwa nguvu kama muziki wa siku hizi, linatembea. Kipira kikiwa kimekaa, unalifuata hatua kwa hatua, unajua linapopanda na linaposhuka. Kikiwa na upenyo, magitaa ya juu yanaendelea kama kawaida na besi inabaki ya kukisia. Muziki wa sasa haufai kwa kipimo hiki. Besi yake imejazwa mno hata upenyo ukiwepo bado kitu kinasikika.

Kipimo cha pili nilifundishwa na mzee mmoja, fundi mitambo mstaafu aliyefanya kazi redioni enzi za kanda. Nilimpelekea eafoni zangu nikilalamika kwamba wazungumzaji wote wanaongea kutoka kulia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na muziki au umekuja na maneno?"

Aliniomba simu, akatafuta wimbo wa bendi uliorekodiwa Radio Tanzania miaka ile, akaniambia nifumbe macho na kuonyesha kwa kidole mwimbaji yuko wapi. Nikaonyesha juu ya sikio la kulia. Akacheka. Rekodi nyingi za zamani ni za mono, akanieleza, sauti ileile inakwenda pande zote mbili sawasawa. Mwimbaji anatakiwa akae katikati ya kichwa, nyuma ya paji la uso. Akisogea upande, ama kipira hakijakaa, ama upande mmoja umeziba, ama masikio yako yenyewe hayasikii sawa. "Badilisha, wa kulia uvae kushoto. Mwimbaji akihama na eafoni, tatizo ni la eafoni. Akibaki palepale, nenda kwa daktari."

Alihama. Tulipoangalia kwa tochi ya simu, wavu mdogo wa mbele upande wa kushoto ulikuwa umefunikwa na nta ya sikio. Hakuna cha kuficha hapo, sikio linatengeneza nta na eafoni inaichota. Mzee alichukua mswaki mkavu laini, akaigeuza eafoni wavu ukaangalia chini ili uchafu udondoke nje badala ya kuingia, akapangusa taratibu. Sindano hakuigusa, alisema wavu ukitoboka ndiyo mwisho wa habari. Mazungumzo yaliyorekodiwa kwa simu moja mezani nayo ni mono, kwa hiyo siku hizi sihitaji hata wimbo. Msailiwa akihama kutoka katikati ya kichwa changu, nasimama nasafisha.

Maumivu sasa. Watu husema "eafoni zinaniuma" kana kwamba ni ugonjwa mmoja, kumbe kuna aina kadhaa na kila moja ina chanzo chake. Maumivu ya ndani ya mfereji, yanayoanza kama kubanwa kisha yakawa kidonda, ni ya kipira kikubwa au kigumu. Ya nje, kwenye lile bakuli la sikio, hasa pale gegedu linapojikunja, yanatokana na umbo la plastiki yenyewe. Hapo kubadilisha vipira hakusaidii sana, labda kipira kirefu kidogo kiisogeze plastiki isiguse ukuta. Nimewahi kuuziwa eafoni nzuri ajabu kwa sauti, zenye umbo la chuma lililochongwa kona, na baada ya nusu saa nilikuwa nazitoa ili nipumue. Nikampa mdogo wangu. Yeye analala nazo.

Kuna pia watu wanaokohoa kila wakichomeka kitu sikioni. Nilidhani ni mzaha mpaka daktari wa masikio, pua na koo aliponieleza kwamba tawi dogo la neva ya vegasi, ileile inayohudumia koo, tawi linaloitwa neva ya Arnold, linapita kwenye ngozi ya mfereji wa sikio, na kwa baadhi ya watu ukiligusa mwili unadhani koo ndilo lililoguswa. Mtu wa namna hiyo hata umpe eafoni za milioni, kipira cha kwenda ndani hakimfai. Avae zile zinazokaa mlangoni tu, besi aisamehe.

Vipira vya sponji, vile unavyovifinya kwa vidole kisha vikavimba taratibu ndani ya sikio, vimenisaidia kwa kazi ndefu kuliko vya silikoni. Havisukumi ukuta mahali pamoja, na vinaziba hata mfereji wenye umbo la ajabu. Ubaya wake ni kwamba vinapunguza kidogo ung'avu wa sauti za juu, vinanyonya jasho, na vinakwisha. Baada ya muda havivimbi tena, vinabaki vimekunjamana. Silikoni unaosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, unakausha, unaendelea. Kwa hali ya hewa ya Pwani, hilo la kukausha ni la lazima. Daktari yuleyule aliniambia fangasi wa masikio wanapenda sehemu zenye joto na unyevu, na sikio lililozibwa kutwa ni mahali pazuri pa kuishi. Kila saa naziondoa dakika chache, natembea hadi dirishani, masikio yapate hewa. Siazimi wala siazimishi. Na vijiti vya pamba nimeviacha, vinasukuma nta kwenda ndani na kuigandisha huko.

Waya una kelele zake. Ukisugua shati, unasikia mkwaruzo moja kwa moja sikioni, kwa sababu mtikisiko unapanda kwenye waya hadi kwenye kipira kilichobana. Pitisha waya juu ya sikio na uushushe nyuma, ubane kwenye kola; mkwaruzo umekwisha. Eafoni zilizotengenezwa kwa wanamuziki wa jukwaani huvaliwa hivyo tangu mwanzo, nazo za kawaida nyingi zinakubali ukizigeuza, kushoto kulia. Kutafuna huku umeziba masikio hakuna dawa. Sauti ya meno inasafiri kwenye mfupa na ikikuta mfereji umezibwa haina pa kutokea, ndiyo maana hata sauti yako mwenyewe hunguruma ukizungumza. Karanga nasubiri mapumziko.

Kuhusu sauti yenyewe, nina ugomvi na maboksi. Boksi litakwambia spika tano kila upande, litakwambia "besi ya ziada", litakuchorea radi. Idadi ya spika haikuhakikishii chochote. Moja iliyopangwa vizuri huishinda tano zinazogombana, na ushahidi una umri mkubwa: mwaka 1991 kampuni ya Etymotic ya Illinois, Marekani, iliyoanzishwa na Mead Killion, mtaalamu wa vifaa vya kusaidia wasiosikia vizuri, ilitoa eafoni za ER-4 zenye spika moja tu ndogo kila upande. Mtafiti mmoja aliniazima za ukoo huo kwa faili lililokuwa limenishinda. Zile h nilizokuwa nazikisia zikasimama mbele yangu. Besi ilikuwepo ya kiasi, bila mbwembwe, na mtu aliyezoea singeli angezirudisha dukani siku hiyohiyo.

Angekuwa na haki yake pia. Mtafiti wa sauti Sean Olive na wenzake kule Harman, kampuni ya vifaa vya sauti, walifanya majaribio kwa miaka wakiwasikilizisha watu sauti zilizopangwa kwa namna mbalimbali, wakatoa mchoro wa sauti ambayo wengi huipendelea, na kwa eafoni za ndani ya sikio mchoro huo una besi nyingi kuliko ule wa hedifoni kubwa. Kwa hiyo anayependa besi hana kasoro ya masikio. Ila muziki unaokufurahisha na maneno unayotaka kuyanasa havidai eafoni ileile, na muuzaji anayekuambia "hii kila kitu" anataka uondoke haraka.

Kuna sehemu nyingine ambayo wengi huisikia bila kujua wanasikia nini. Sikio lililo wazi hukuza lenyewe sauti za karibu na hezi 3,000. Ndivyo mfereji ulivyoumbwa. Ukiuziba, umeliondoa hilo, na mtengenezaji analazimika kulirudisha kwenye sauti ya eafoni. Akirudisha kidogo, mzungumzaji anakuwa nyuma ya pazia. Akizidisha, sauti ya mwanamke inakupigia kelele, na ganuni ya taarabu inakuwa misumari. Halafu juu zaidi, kwenye eneo la s kali, kuna kilele kingine kinachohama kulingana na kina ulichoichomeka eafoni: ukiisogeza ndani kinapanda, ukiivuta nje kinashuka. Eafoni moja, vipira viwili tofauti, s mbili tofauti. Nilipokuwa naandika mahojiano ya bibi mmoja mwenye pengo la mbele, s yake ikanichoma saa nzima, nilibadilisha kipira kirefu kwa kifupi nikamaliza kazi kwa amani.

Kwa rekodi za zamani sana, kama sauti ya Siti binti Saad iliyonaswa Bombay mwaka 1928, eafoni ya besi nzito ni hasara tupu. Kule chini hamna ala, kuna mngurumo wa sahani inayozunguka, na eafoni inaukuza kwa bidii zote.

Za bluutuu ninazo za barabarani, kwenye kazi hapana. Watu wanadhani ni kwa ajili ya ubora wa sauti. Ubora unatosha, hata SBC, ule mfumo wa kubana sauti ambao karibu kila eafoni ya bluutuu ya kusikilizia muziki huwa nao, kwa maneno hauna shida kubwa. Shida ni kuchelewa na kulala. Mimi nasimamisha na kurudisha sauti kila baada ya sentensi, na nyingi za bluutuu zikikaa kimya kidogo zinasinzia, sauti ikirudi silabi ya kwanza imeshapotea. Na Kiswahili kimeweka wapi ukanushi wake? Mwanzoni kabisa. Ha-, si-, hawa-, hatu-. Silabi inayoliwa ndiyo iliyobeba "ndiyo" na "hapana". Nimeona kazi ya mwenzangu mmoja ambamo mtu alikubali jambo kwenye ukurasa mmoja na kulikataa kwenye uliofuata, tukarudia faili kwa eafoni za waya, kumbe alikuwa amekataa tangu mwanzo.

Simu nyingi mpya hazina tundu la eafoni, kwa hiyo nina kile kikonekta cha Taipu-C kwenye kila mkoba. Vinaharibika, vinapotea, ndiyo maisha.

Kiasi cha sauti nilikipuuza mpaka nilipoweka hesabu ya Shirika la Afya Duniani kando ya ratiba yangu. Wao wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndiyo kikomo cha usalama kwa mtu mzima, na kwa watoto desibeli 75 kwa saa hizohizo. Ukipandisha desibeli 3, muda unakatika nusu. Ukifika 90, umebakiwa na saa nne za wiki nzima. Saa 40 ndiyo wiki yangu ya kazi bila kuhesabu muziki wa njiani, kwa hiyo sina akiba. Hapa ndipo kipira kinapolipa deni lake la pili. Kwenye mwendokasi la saa moja asubuhi kutoka Kimara, anayevaa eafoni zinazovuja anapandisha sauti ili aushinde mngurumo wa injini, makelele ya simu za wengine na kondakta wa daladala anayepiga debe nje ya dirisha. Anayeziba vizuri anabaki palepale alipokuwa chumbani. Mimi naweka kiasi nikiwa nyumbani kwenye utulivu, na nikiwa njiani siruhusu kidole kikiguse kile kitufe. Wimbo usiposikika, basi nauacha. Kuvuka barabara navua zote mbili, na kwenye bodaboda sivai kabisa.

Bei. Eafoni za elfu tano za mezani Kariakoo zipo zinazosikika vizuri na zipo za kutupa, na zinaweza kuwa kwenye fungu moja, rangi moja. Hapo kujaribu ni lazima, na vipira vyako uende navyo mfukoni, vilivyooshwa. Wauzaji wengine hukataa, wengine hushangaa tu. Kijana ninayenunua kwake karibu na mtaa wa Aggrey alinikazia macho mara ya kwanza.

"Dada, unataka kununua vipira peke yake? Eafoni hutaki?"

"Eafoni ninayo, kaka yangu. Nipe vidogo, pea kadhaa."

"Hivyo sisi tunavitupaga."

Nikamwambia asivitupe. Ukipanda juu ya elfu hamsini hivi, kwa masikio yangu na kwa maneno ya watu, tofauti ya sauti inaanza kuwa ndogo kuliko tofauti ya kipira kilichokaa na kisichokaa. Kinachoongezeka huko juu, na ambacho naona kinastahili pesa, ni waya unaochomoka. Waya ndio unaokufa kwanza, pale kwenye shingo ya plagi, na kama unachomoka unanunua waya peke yake.

Sasa nina msaidizi, binti wa mtaani kwetu aliyemaliza chuo, mwenye masikio makali kuliko yangu. Wiki yake ya kwanza nilimpa eafoni zangu bora nikitegemea atashukuru. Akachomeka, akakohoa. Akachomeka tena, akakohoa tena, machozi yakamtoka, tukacheka wote wawili. Akatoa mkobani zake, za plastiki nyeupe zisizo na kipira chochote, zile za kuning'inia mlangoni mwa sikio, za bei ya chipsi mayai mbili. Nilipozivaa mimi zilidondoka kabla hajabonyeza kucheza. Yeye zimemkaa. Amemaliza nazo mahojiano ya baraza la ardhi, watu wanane wakiongea kwa pamoja, na kila "hatukukubali" ipo mahali pake. Ila anafunga dirisha na kuzima feni, mimi nalowa jasho upande wa pili wa meza.